Manjano Yajulikane Chanzo Kabla ya Kisu: Hotuba kwa Watoa Huduma za Afya, Mbeya

Mganga Mkuu wa Mkoa, walimu wangu, madaktari wenzangu, maafisa tabibu na wauguzi mliotoka Chunya, Rungwe, Kyela na Mbarali, pamoja na ndugu zetu wa Iringa, Njombe na Songwe mliosafiri kuja kukaa nasi hapa Mbeya: wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Ugonile. Kamwene.

Nimeombwa nizungumzie mawe ya mfuko wa nyongo. Mada hiyo ni pana, nami nitaibana kwa makusudi. Nataka tukae na mgonjwa wa aina moja tu, yule mwenye mawe ambaye macho yake yamegeuka manjano. Ombi langu kwenu ni kwamba chanzo cha manjano hayo kijulikane, au walau kishukiwe waziwazi na kuandikwa kwenye faili, kabla mtu yeyote hajashika kisu.

Chukueni mgonjwa wa mfano. Ni mama wa miaka 50 na kitu, analima viazi huko milima ya Uporoto. Ameumwa chembe miaka kadhaa. Maumivu humjia usiku, hasa siku aliyokula kitimoto au chipsi. Yanakaza, yanazunguka ubavu wa kulia hadi chini ya bega, yanadumu saa mbili tatu, kisha yanaachia. Kila alipokwenda kutibiwa aliandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Nyumbani walisema ni chango, akachemshiwa mizizi. Siwalaumu ndugu zake hata kidogo, maana maumivu yanayokuja na kuondoka yenyewe humfanya mtu aamini kuwa dawa ya mwisho aliyokunywa ndiyo iliyomponya. Hiyo ndiyo tabia ya jiwe. Linaziba, linaachia, na katikati ya hapo kila aliyempa kitu anapata sifa.

Halafu inafika wiki ambayo maumivu hayaachii. Mkojo umekuwa mweusi mfano wa chai ya rangi iliyokolea, choo kimepauka, ngozi inamwasha hadi hapati usingizi. Sasa ndiyo anafika kwetu, na altrasaundi inaonyesha mawe. Hapa ndipo wengi wetu tunapopumua na kusema tumelipata tatizo, tumpange kwenye orodha ya upasuaji.

Nawaomba tusipumue mapema. Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hiyo hushuka kwa mirija miwili, wa kulia na wa kushoto, inayoungana na kuwa mrija mkuu wa ini. Mfuko wa nyongo uko kando ya njia hiyo na umeunganishwa nayo kwa mrija wake mwembamba. Kuanzia hapo mrija mkuu wa nyongo unateremka nyuma ya utumbo, unapita kwenye kichwa cha kongosho na kufungukia kwenye utumbo mwembamba. Maana yake ni nini? Jiwe lililotulia ndani ya mfuko haliwezi kumgeuza mtu manjano, kwa sababu njia kuu bado iko wazi. Ukiona mawe kwenye mfuko na manjano kwenye macho, ujue kuna jambo la pili ambalo bado hujalipata.

Mara nyingi jambo hilo ni jiwe lililoteleza kutoka kwenye mfuko na kuingia mrija mkuu. Hilo tunalijua. Pengine ni homa ya ini, malaria kali, au saratani ya kichwa cha kongosho kwa mtu ambaye mawe yake hayana hatia yoyote. Huku kwetu tusisahau pia minyoo mikubwa ya tumbo, ambayo huweza kupanda kutoka kwenye utumbo na kuingia mirija ya nyongo. Na mara chache ni hali inayoitwa sindromu ya Mirizzi, ambayo ndiyo hasa iliyonileta mbele yenu leo.

Katika hali hii jiwe hukwama kwenye shingo ya mfuko au kwenye mrija wake mwembamba, mahali unapopita ubavuni mwa mrija mkuu wa ini. Jiwe halijaingia njia kuu. Linaikandamiza kutoka nje. Eneo lote linavimba, kuta mbili zinashikana kwa makovu, na muda ukipita jiwe hula ukuta mpaka linatoboa. Linabaki tundu kati ya mfuko na mrija mkuu, yaani fistula. Daktari akifungua tumbo akiwa na picha ya kitabuni kichwani, anakuta kila kitu kimegandamana, na mrija mkuu uko mahali anapotegemea kuuona ule mwembamba wa mfuko. Anaufunga. Anaukata. Mama aliyekuja na jiwe anaondoka na mrija mkuu uliokatwa, jambo ambalo litamrudisha hospitali miaka yote iliyobaki ya maisha yake.

Pablo Luis Mirizzi alikuwa daktari wa upasuaji wa mji wa Córdoba, Argentina. Aliieleza hali hii mwaka 1948. Wapo waliokuwa wameigusia mapema karne ile, lakini jina lilibaki kwake, na mimi naona lilibaki kwa haki. Ndiye yule yule ambaye mwaka 1931 alianza kupiga picha ya eksirei ya mirija ya nyongo mgonjwa akiwa bado mezani, kwa kuingiza ndani ya mirija dawa inayoonekana kwenye picha. Mtu aliyekuwa na desturi ya kuitazama mirija kabla ya kuikata ndiye aliyeona kile ambacho wengine walikuwa wakikipita. Mwaka 1989 Attila Csendes na wenzake wa Chile waliipanga hali hii katika hatua nne: ya kwanza ni mrija kukandamizwa tu bila tundu, ya pili ni tundu lisilozidi theluthi moja ya mzunguko wa mrija, ya tatu linafika theluthi mbili, ya nne ukuta wote wa mrija umeliwa. Baadaye iliongezwa ya tano, ambapo mfuko umetoboa pia hadi kwenye utumbo.

Mtaniuliza, inatokea mara ngapi? Ripoti nyingi zilizochapishwa zinazunguka mgonjwa 1 kati ya 100 wanaopasuliwa kwa ajili ya mawe, wakati mwingine pungufu ya hapo. Amerika ya Kusini zipo ripoti zinazokaribia 5 au zaidi kidogo. Tofauti hiyo inanifikirisha, kwa sababu hali hii hukua kwa muda: kadiri jiwe linavyokaa ndivyo linavyokula ukuta. Wagonjwa wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanakaa na mawe yao miaka. Sioni sababu ya sisi kujihesabu kwenye upande wa chini wa takwimu hizo.

Sasa utambuzi. Nitaanza na jambo lisilogharimu hata shilingi. Mtoeni mgonjwa chini ya taa ya wodi, mpelekeni dirishani au barazani kwenye mwanga wa mchana. Mnyanyue kope la juu kwa kidole gumba, mwambie atazame chini, uangalie weupe wa jicho kule juu ambako vumbi na jua havifiki. Manjano mepesi huonekana hapo siku kadhaa kabla hayajaonekana kwenye ngozi. Kisha uliza rangi ya choo. Watu wetu wanaona aibu kuizungumzia, basi muuguzi amuulize faraghani, kwa upole, na aandike alichojibiwa.

Uliza pia kuhusu kutetemeka. Mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya, na kule Makete ndiyo zaidi, kila mtu anatetemeka, na mgonjwa mwenyewe atakwambia ni baridi tu. Muulize kama meno yaligongana akiwa amejifunika mablanketi, na kama baadaye alitoka jasho. Maumivu ya ubavu wa kulia, homa yenye kutetemeka, na manjano: mambo haya matatu aliyaunganisha Jean-Martin Charcot wa Ufaransa mwaka 1877, na hadi leo yana maana ile ile, kwamba nyongo iliyoziba imeingia bakteria. Akianza kuchanganyikiwa na presha ikishuka, maambukizi yameshaingia kwenye damu. Mgonjwa huyu msimwache kitandani mkisubiri majibu ya malaria peke yake. Pimeni malaria, ndiyo, lakini dripu ianze, dawa za kuua bakteria zianze saa hiyo hiyo, na simu ya rufaa ipigwe. Dawa peke yake mara nyingi hazitoshi. Nyongo iliyoziba lazima ifunguliwe njia.

Kisha weka mkono tumboni. Mwaka 1890 Ludwig Courvoisier wa Uswisi alionyesha kwamba mfuko uliokaa na mawe muda mrefu mara nyingi husinyaa na kuwa mgumu kwa makovu, hautanuki tena. Kwa hiyo mgonjwa mwenye manjano yasiyo na maumivu, na mfuko wa nyongo unaopapasika ukiwa umejaa, fikirieni kwanza saratani. Yeye pia anahitaji rufaa ya haraka, ila kwa sababu nyingine.

Naomba sasa nikae kidogo kwenye altrasaundi, kwa sababu hapa ndipo ninapoamini tunaweza kuokoa watu wengi kwa vifaa tulivyo navyo. Majibu yanayotufikia mara nyingi yana mstari mmoja: "Mawe kwenye mfuko wa nyongo, mengine kawaida." Majibu ya namna hiyo yanatokana na ombi la namna hiyo. Tukiandika kwenye fomu "maumivu ya tumbo", mpimaji atatafuta kitu chochote tumboni. Andikeni swali. Andikeni hivi: mgonjwa ana manjano, je, mirija ndani ya ini imetanuka? Mrija mkuu una milimita ngapi juu, karibu na ini, na una milimita ngapi chini? Jiwe liko shingoni mwa mfuko? Mgonjwa akigeuzwa ubavu, jiwe linahama au limekaa pale pale? Ukuta wa mfuko ukoje?

Mrija mkuu kwa kawaida hauzidi milimita 6 hivi, ingawa kwa wazee huwa mpana kidogo. Mrija uliotanuka juu ya jiwe, ukarudi upana wake wa kawaida chini yake, na jiwe lisilohama likiwa kwenye shingo ya mfuko uliosinyaa, hiyo ndiyo picha ya Mirizzi. Mashine ya kituo cha afya inaweza kuionyesha, mpimaji akipewa swali na muda wa kutosha. Lakini niseme na upande wa pili: altrasaundi huikosa hali hii mara nyingi. Majibu yakija safi na mgonjwa bado ni wa manjano, mwaminini mgonjwa. Rudieni kipimo akiwa hajala tangu usiku, au mtafutieni kipimo kingine.

Kwenye damu tunatazama bilirubini, ile rangi inayoleta manjano yenyewe, tukitaka kujua ni ile iliyokwisha kupita kwenye ini, na tunatazama vimeng'enya vinavyopanda mirija ikiziba, hasa alkalaini fosfatesi. Kuna mtego mmoja. Mgonjwa akikutwa na virusi vya homa ya ini B, faili hufungwa hapo: manjano yamepata maelezo. Virusi hivyo havitanui mirija. Mtu anaweza kuwa navyo kwa miaka na akawa na jiwe lake pembeni. Mwingine wa kumwangalia kwa makini ni kijana mwenye selimundu. Chembe zake za damu zinavunjika kila siku, hivyo hupata mawe mapema, hata utotoni, na macho yake huwa na manjano kidogo siku zote. Mama yake ameshayazoea. Kwake ulizeni kilichobadilika. Kama choo kimepauka, kama anawashwa, kama manjano yamezidi yale ya kila siku, mirija yake ipimwe.

Kipimo cha MRI cha mirija ya nyongo kinaonyesha vizuri zaidi, bila kuingiza kitu mwilini. CT inasaidia, hasa kutafuta saratani. Endoskopia ya mirija, ile inayopitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo na kuingia mrija kutoka chini, ina faida ya pekee: inaona na inatibu. Daktari anaweza kutoa jiwe la mrija mkuu au kuacha mrija mdogo wa plastiki ili nyongo ipite wakati tunajipanga. Kwa mgonjwa wetu hilo kwa kawaida linamaanisha safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji, mahali pa kulala, shamba kuachwa. Familia nyingi huuza ng'ombe. Ndiyo maana siwaambii mumpeleke kila mwenye mawe. Nawaambia mjue ni yupi wa kupelekwa, na mumwandikie rufaa inayojitosheleza, yenye vipimo vya mrija kwa milimita na tarehe manjano yalipoanza, asije akaanzishwa upya kule kana kwamba hakuna aliyewahi kumgusa.

Kabla ya upasuaji, jambo dogo linaloua likisahaulika. Nyongo isipofika kwenye utumbo, vitamini K hainyonywi vizuri, na bila vitamini K damu haigandi ipasavyo. Mgonjwa wa manjano ya kuziba apimwe kuganda kwa damu na apewe vitamini K kwa sindano, na chupa za damu ziwe tayari. Wauguzi wa wodi, hili nalikabidhi kwenu, maana ninyi ndio mnaosoma kadi ya dawa usiku wakati daktari ameondoka.

Sasa nazungumza na vijana wanaojifunza upasuaji. Ukifungua na kukuta eneo lote limegandamana, simama. Vuta pumzi, mwambie aliyempa mgonjwa usingizi kwamba utachukua muda, na kama kuna mkubwa wako jengoni, muite. Kama ulianza kwa matundu madogo, kufungua tumbo wakati huo ni uamuzi wa mtu mzima. Usichimbe kule kwenye pembe ambako mrija mwembamba unaungana na ule mkuu. Anza upande wa juu, kwenye kitako cha mfuko. Ufungue, toa mawe moja moja, lile lililokwama shingoni liwe la mwisho, ulitoe taratibu. Kisha tazama tundu lilikotoka. Pakibaki pakavu, au ukakuta ute mweupe tu, pengine jiwe lilikuwa likikandamiza kutoka nje. Nyongo mbichi ikibubujika pale jiwe linapotoka, umekutana na mrija mkuu: kuna fistula, na unatakiwa kujua hivyo kabla ya kuweka uzi wowote.

Mrija ukiwa umekandamizwa tu, toa sehemu kubwa ya mfuko, uache kipande cha ukuta kilichoshikana na mrija, weka mpira wa kutolea maji, funga. Kuacha kipande hicho ni upasuaji uliokamilika. Asikudanganye mtu kwamba umeshindwa. Tundu dogo linaweza kuzibwa kwa kipande cha ukuta wa mfuko wenyewe, kwa kawaida juu ya mpira wenye umbo la herufi T, ule ulioachwa kwetu na Hans Kehr wa Ujerumani. Mrija uliokwisha kuliwa sehemu kubwa unahitaji kuunganishwa na kitanzi cha utumbo mwembamba. Hiyo ni kazi ya aliyeizoea. Kama huna mtu huyo siku hiyo, toa jiwe, weka mpira, uitoe nyongo nje, andika ulichokiona na kuchora, kisha mpeleke mgonjwa. Atasafiri akiwa na mrija wake mzima uliobaki, na mwenzako atapata pa kushonea.

Mfuko uliotolewa usitupwe. Sindromu ya Mirizzi na saratani ya mfuko wa nyongo hukutwa pamoja mara nyingi kuliko inavyotegemewa kwa mawe ya kawaida, kwa kuwa jiwe lile lile lililokwangua ukuta miaka mingi limeuchokoza pia. Upelekwe maabara ya vinyama, na majibu yafuatiliwe kwa jina la mtu atakayewajibika kuyasoma.

Kuna jambo nasikia sana siku hizi kwenye simu za wagonjwa. Wanashauriwa kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limao ili kutoa mawe, na asubuhi wanaona chooni vidonge laini vya kijani, wanafurahi. Vidonge vya namna hiyo vimewahi kuchunguzwa maabara: ni mafuta yenyewe yaliyogeuka sabuni tumboni. Mawe yao yapo pale pale. Tuwaeleze bila kuwacheka, tuwaonyeshe altrasaundi ya kabla na ya baada. Tukiwacheka hawatarudi, na yule aliyeamini kwamba mawe yametoka ndiye atakayechelewa zaidi.

Kwa kupita tu: mzee mwenye tumbo lililojaa na kutapika, aliyewahi kuambiwa ana mawe, anaweza kuwa na jiwe kubwa lililotoboa kutoka kwenye mfuko hadi kwenye utumbo, likateremka na kuuziba. Kwenye eksirei tafuteni hewa ndani ya mirija ya nyongo, mahali isipotakiwa kuwepo.

La mwisho ni la vituo vya afya na zahanati. Mgonjwa aliyerekebishwa mrija anarudi kwenu. Kovu la mshono hujibana taratibu, miezi au hata miaka baada ya upasuaji, na ninyi ndio mtakaomwona kwanza, si sisi. Kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa tutaandika kwa Kiswahili aina ya upasuaji aliofanyiwa, na maneno haya: homa ya kutetemeka, macho ya manjano, mkojo mweusi au kuwashwa mwili, aje siku hiyo hiyo. Akija na karatasi hiyo, msimwanzishie dawa za vidonda vya tumbo. Mpimeni bilirubini na alkalaini fosfatesi kama maabara yenu inaweza, na mtupigie simu kabla hajarudi nyumbani.

Naishia hapo ili tupate muda wa maswali, na ningependa tuanze na wenzetu wanaopiga altrasaundi vituoni, mtueleze ni nini kinachowakwamisha.